Vyumba vya Kulala Mchana

Usiku ule Mama Pazia hakushona hata pindo moja, ingawa cherehani ilikuwa mbele yake na kitambaa kimeshalazwa chini ya sindano. Alikaa barazani, mtandio mabegani, macho kayaelekeza kwenye bomba la moshi la kiwanda cha chupa, akisubiri. Wapangaji wake wote walikuwa wameitwa kiwandani tangu jua linazama, wa zamu ya mchana na wa zamu ya usiku pamoja, na jambo hilo ndilo lililomrusha roho. Watu wa zamu mbili hawakuwahi kuitwa kwa mpigo mmoja, kwa sababu tanuri haliachwi peke yake.

Tanuri lile liliwaka mchana na usiku, siku za kazi na siku za mapumziko. Likizimwa, kioo kilichoyeyuka huganda humo ndani na kulipasua, na kulijenga upya ni kuanza moja. Kila aliyeishi mtaa ule alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Mtu akitaka kukuhakikishia jambo alikwambia, "Wewe ondoa wasiwasi, hili ni kama tanuri." Marehemu mumewe Mama Pazia alilitumikia tanuri hilo mpaka nyusi zake zikaacha kuota, na kiinua mgongo chake ndicho kilichojenga nyumba hii yenye baraza, iliyotazama barabara. Humo ndimo alimozalia watoto wake wawili, na humo ndimo alimomtoa mume kwenda kuzikwa.

Na nyumba hiyo ilikuwa dhamana.

"Mama, chai imepoa," binti yake wa mwisho alisema kutoka mlangoni.

"Iache tu ipoe."

"Nikupashie?"

"Acha, mwanangu. Nenda kalale."

Binti akaenda kulala. Baada ya muda Mama Pazia akaingia kwa kunyata kumtazama, kama alivyofanya kila usiku tangu watoto hawa walipokuwa wachanga. Taa ya barabarani ilipenya dirishani ikamwonyesha uso wa mtoto, mdomo wazi kidogo, mkono chini ya shavu. Akaridhika. Akarudi barazani kusubiri.

Jina la Mama Pazia alipewa na hao hao watu wa zamu ya usiku. Mtu anayetoka kazini alfajiri hulala jua likiwa kali, na jua la mtaa ule halikuwa na huruma. Wakawa wanamjia na macho mekundu kama wamelia. "Mama, nishonee kitu kizito. Siku ya tatu leo sijalala." Naye akagundua namna ya kushona tabaka mbili, nyeupe nje ya kurudisha jua, nyeusi ndani, pindo pana chini ili upepo usilipeperushe. Mapazia yake yalitia usiku ndani ya chumba saa sita mchana. Akapata wateja, akasomesha, na akaweka akiba kidogo kidogo kwenye chama cha akiba na mikopo ambacho mumewe alikuwa mwanachama wake.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kiwanja kilichobaki kitupu. Mwanawe mkubwa, fundi mwashi, ambaye hata yeye mama mtu alimwita Fundi, alimchorea nyumba mbili ndogo za kupangisha familia: vyumba viwili viwili, jiko, na madirisha ya kupitisha upepo. Mama Pazia akaikunja ile ramani, akaitia mkobani, akaenda kwenye chama.

Ofisa wa mikopo, mtu wa shati lililonyooka na maneno ya pole pole, aliitazama ramani kwa heshima zote kisha akamrudishia.

"Mama yangu, unataka kumpangisha nani humu?"

"Watu wenye familia zao."

"Familia!" Akatabasamu kama aliyesikia jina la jirani msumbufu. "Familia, mtoto akiugua, kodi hakuna. Shule zikifunguliwa, kodi hakuna. Utakwenda kudai, utakuta mwenzio analia, nawe utalia, mtarudi ndani mnywe chai. Mimi mkopo wangu nitaupata wapi?"

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Jenga vyumba vya watu wa kiwandani. Vya mmoja mmoja. Hawa kodi yao inakatwa kwenye mshahara kabla hawajauona, inakuja hapa hapa kwetu. Wewe hata kugonga mlango wa mtu hugongi. Kwa hivyo vyumba, mkopo nakupa. Kwa familia, nakupa pole."

Wakacheka wote wawili. Alipokuwa anatoka, akamwita tena. "Na dhamana?"

"Dhamana ni nini kwani?"

"Ile nyumba ya barabarani, mama. Ni utaratibu tu. Tanuri linawaka, mishahara inatoka, nani atakuja kuigusa nyumba ya mjane?"

Mama Pazia alimuuliza mara tatu kama kweli haitaguswa, kwa maneno tofauti, maana moyo wake haukuwa na kawaida ya kutulia. Mara zote tatu alijibiwa vile vile. Akasaini.

Wazo la kujenga bila madirisha lilikuwa lake mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Alilipata njiani akirudi, na lilimchangamsha mpaka akapitiliza nyumba yake. Kama watu wanatoa pesa kununua giza, kwa nini asijenge giza lenyewe? Tena vyumba vikae mgongo kwa mgongo, vitatu huku na vitatu huku, ukuta wa nyuma uwe mmoja. Mbele mlango tu. Juu, chini ya bati, vitundu vya hewa. Fremu, nyavu, nondo za madirisha, gharama zote hizo kwaheri.

Fundi alimsikiliza huku anakuna chokaa iliyoganda kwenye kucha.

"Mama, hicho chumba au kaburi lenye mlango?"

"Koma! Ulimi wako huo! Ni mimi ninayewauzia mapazia au ni wewe?"

"Ni wewe."

"Basi nani anajua wanachotaka?"

Fundi akaacha kucha zake. Hakuwa mtu wa kubishana na mama yake, na alipobisha alibishana kwa vipimo. "Haya, basi niache niweke lenta. Nipitishe zege na nondo kuanzia juu ya mlango mpaka kwenye kona. Chini yake leo tunaziba kwa tofali. Siku ukitaka dirisha, naondoa tofali, basi. Bila lenta, siku hiyo ukuta haugusiki."

"Lenta inakula nondo?"

"Inakula."

"Na saruji?"

"Na saruji."

"Na siku za kusubiri zege likauke?"

"Mama, zege lazima likauke."

Hapo ndipo palipokuwa na kikwazo. Chama kilitoa pesa kwa awamu. Awamu ya pili haikutoka mpaka mtu wao aje apige picha, aone ukuta umefika usawa wa bati. Pesa zikichelewa, mafundi wanaondoka, na riba haiondoki nao. Mama Pazia alipiga hesabu usiku kucha, akapata kwamba kwa nondo za lenta anaweza kuezeka chumba kizima. Asubuhi akamwambia mwanawe, "Pandisha ukuta." Fundi akaupandisha, umenyooka kama alivyofundishwa, bila lenta.

Vyumba vikajaa hata rangi haijakauka. Katika kila chumba walipanga wawili, wa mchana na wa usiku, mmoja akiingia mwingine akitoka, na godoro halikupata nafasi ya kupoa. Wa kwanza kulala humo mchana alitoka jioni uso umemkunjuka kama mtoto. "Mama Pazia, leo nimelala mpaka nimesahau nina deni." Na mmoja wao aliyependa utani, ambaye wenzake walimwita Popo kwa kulala mchana, akasema kwa sauti ili uani kote wasikie, "Lakini mama umejimaliza mwenyewe! Sasa pazia utamuuzia nani, nyumba yenyewe haina dirisha?" Walicheka hata yeye akalazimika kuweka ndoo chini.

Alikuwa na furaha wakati ule. Mtu asije akasema hakuwa nayo. Alilala, jambo ambalo kwake lilikuwa la nadra, na marejesho ya mkopo yalikwenda yenyewe kutoka kiwandani hadi kwenye chama.

Jirani yake wa upande wa pili, mke wa kinyozi, naye alikuwa anajenga, lakini kwa pesa za mchezo wa kupeana na kwa faida ya genge lake la mboga. Zamu yake ikifika, anapandisha ukuta. Isipofika, ukuta unaota majani. Madirisha yake yalikaa miaka bila fremu, watu wakimtania kwamba anajengea ndege. Mama Pazia naye alimtania, tena si mara moja.

Yote hayo yalimpitia kichwani pale barazani, usiku wa kusubiri. Nyayo ziliposikika uani, alisimama mpaka kiti kikaanguka.

Alikuwa Popo. Siku zote alitangulia kusikika yeye kabla hajaonekana, kwa mluzi au kwa wimbo. Usiku huu alikuja kimya, akavua viatu chini ya ngazi kama anayeingia kwenye msiba.

"Mama, wanalizima."

"Wanazima nini?"

"Tanuri."

"Tanuri halizimwi, mwanangu. Si litapasuka?"

"Wameliona hilo. Wamesema lipasuke. Wenye vinywaji wamehamia kwenye chupa za plastiki, zetu hazina mnunuzi. Hawana mpango wa kulijenga tena."

Mama Pazia akatafuta cha kushika, akashika gurudumu la cherehani. Lilizunguka kidogo, sindano ikatoboa kitambaa. "Na kodi ya mwezi huu?" akauliza. Neno lilimtoka kabla hajalizuia, akaona aibu papo hapo.

Popo hakukasirika. Alicheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Wameshakata, mama. Kukata hawakusahau." Kisha akaongeza, "Mimi narudi kwetu. Nikalale usiku, kama watu."

Wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Bomba likaacha moshi, kuta za mtaa zikabaki na masizi yasiyo na mwenyewe. Mke wa kinyozi, ambaye vyumba vyake vilikuwa vimekwisha na kupata watu, naye alipoteza wapangaji, lakini si wote. Wenye familia walishikwa na shule za watoto, na vibarua vya wake zao, na wagonjwa wao. Waliomba kupunguziwa kodi, wakapunguziwa; wakaomba kungojwa, wakangojwa. Hakuna mkopo uliokuwa ukihesabu juu ya kichwa cha mwenye nyumba, basi aliweza kungoja.

Kwa Mama Pazia walikuja watu kutazama. Mwanamke mmoja kijana, mtoto mgongoni, aliingia chumba cha kwanza saa sita mchana akapapasa ukutani. "Swichi iko wapi?"

"Hapo kushoto, mama."

Taa ikawaka. Mwanamke akatazama kuta nne, akatazama vitundu kule juu, akatoka nje bila kuuliza kodi. "Asante, mama. Nitampitisha mume wangu aone." Walijua wote wawili kwamba hatapita.

Fundi akaja na nyundo na tindo. Alichora dirisha kwa chaki pembeni ya mlango wa chumba cha kwanza, dogo tu, akaanza kutoa tofali polepole, kama anayeng'oa jino la mtu anayempenda. La kwanza likatoka, la pili likatoka. Alipotoa la tano, ufa ukapanda kutoka kwenye kona ya tundu hadi kwenye bati, na mchanga ukamwagika juu ya bega lake. Akaacha. Akapachika ubao wa kushikilia, akayarudisha matofali yale matano kwa saruji nzito, akafuta chaki kwa kiganja.

"Ukuta ndio unaobeba paa, mama," alisema. "Hapo juu hakuna cha kuushikilia. Inawezekana kupitisha lenta sasa, lakini itabidi tuinue paa zima. Gharama yake tungejenga upya."

Mama Pazia alisubiri aseme, "Nilikwambia." Alijiandaa kulipokea neno hilo, kama mtu anavyokaza mwili kabla ya sindano. Fundi hakulisema, si siku ile wala baadaye. Aliosha vifaa vyake, na wiki iliyofuata akaenda kutafuta kazi mji mwingine, akawa anatuma alichopata. Mama mtu aliumia kwa ule ukimya kuliko ambavyo angeumia kwa tusi.

Marejesho yalikuwa yamekatika, na chama kilimpa mpaka mwisho wa robo ya mwaka awe amelipa. Ndipo akatokea mwanamke wa viazi, mfanyabiashara wa jumla mwenye sauti ya kuita magari. Aliingia chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kila alipotoka uso ulikuwa umezidi kung'aa.

"Dada, nyumba hii ulinijengea mimi?"

"Unataka kukaa?"

"Nikae humu mimi? Mungu anisamehe! Viazi vyangu ndivyo vitakaa. Kiazi kikiona jua kinageuka kijani, nani atakila? Nimezunguka mji huu wote natafuta giza. Nachukua vyote."

Mama Pazia alimshika mkono akaenda naye moja kwa moja hadi kwenye chama, wakitembea haraka kama wasichana. Ofisa wa mikopo shati lake halikuwa limenyooka tena. Nje ya ofisi yake watu walijipanga mpaka barabarani.

"Mpangaji huyu hapa," Mama Pazia alisema. "Wa vyumba vyote sita. Niandikieni upya, nilipe polepole."

Ofisa akamtazama yule mwanamke. "Una slipu ya mshahara?"

"Mimi? Nina viazi."

"Kodi nitaikata wapi?"

"Usiikate. Nitailipa kwa mkono wangu. Au mkono nao siku hizi unahitaji slipu?"

Hata yeye ofisa alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali. Alivua miwani akajisugua macho. "Mama, nisikilize. Wale uliowapita mlangoni ni wanachama. Walikuwa wa kiwandani, leo hawana kazi, wanataka akiba zao. Akiba zao tulikukopesha wewe, na wenzako waliojenga kama wewe. Nikikungoja wewe, wao niwaambie wangoje na nini tumboni?"

"Uliniambia hakuna atakayeigusa."

"Nilikwambia."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Najua, mama yangu." Akawa hamtazami. "Vyumba vya nyuma hakuna atakayevinunua. Inayouzika ni ile ya barabarani."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiwanja kilikatwa kati. Nyumba ya mbele ilipata mnunuzi siku ya kwanza ya mnada, mtu na mkewe kutoka mbali, watu wa adabu. Vyumba vya nyuma vilitajwa, na hakuna aliyeinua mkono. Basi akaachiwa. Vitano akampa mwanamke wa viazi kwa kodi ya stoo, ndogo, na kimoja akabaki nacho.

Siku ya kuhama, mke wa mwenye nyumba mpya alisimama sebuleni akashika pazia, akalikunjua, akaona tabaka zake mbili. "Hili nani kashona? Tuachie, mama. Tutakulipa."

"Yakae tu," Mama Pazia alijibu. "Yalikatwa kwa madirisha hayo. Kule ninakokwenda hayana pa kuning'inia."

Usiku wa kwanza alifunga komeo, akalisukuma kwa bega kuhakikisha, akazima taa. Giza likaja lote kwa pamoja. Alikuwa hajawahi kulala humo. Alikuwa amevijenga, amevifagia, amevipangisha, lakini hakuwahi kuzima taa akiwa ndani. Alinyoosha mkono mbele ya uso wake na hakuuona. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na viazi, na harufu ya udongo ilipita kwenye vitundu.

Binti alikuwa amelala chini, pembeni ya masanduku. Au hakuwa amelala. Mama Pazia alisikia pumzi zake, zikapungua, kisha hakusikia kitu. Akainuka kwa magoti, akaelekea pale alipodhani kichwa kilipo.

"Umelala?"

Akasogea karibu zaidi.

"Mwanangu, unalia?"

"Hapana," binti alisema, na sauti ilitoka puani.

Alitaka kumwona. Hakuna kingine alichotaka duniani usiku ule. Miaka yote hii alikuwa akisoma usoni mwa watoto wake kama wana homa, kama wamedanganya, kama wana huzuni, na sasa mtoto yuko umbali wa mkono na hana uso. Kuwasha taa hakutaka, binti angegeuza uso ukutani. Alipapasa mpaka akakuta shavu, na shavu lilikuwa limelowa.

Akasimama. Alifikiria wezi, akafikiria vijana wasio na kazi wanaozunguka mtaani, akafikiria jinsi watu wa nyumba mpya watakavyomwona akiwa amelala mlango wazi kama asiye na kwao. Kisha akavuta komeo. Mlango ukafunguka kuelekea uani, na mwanga wa balbu ya nyuma ya nyumba yake ya zamani, ile aliyoifunga mumewe, ukaingia ukakatiza sakafu hadi kwenye mto wa binti.

"Mama, tutaibiwa," binti alisema, akijifuta macho kwa kitenge.

"Wataiba nini? Lala."

Alivuta kigoda akakaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Mwanga ulikuwa mchache, na yeye alikuwa katikati yake. Akasogea pembeni, akabana magoti, kivuli chake kisimwangukie mtoto.